Maswali ya Mkwe

Siku Bwana Miwani alipofungwa tena kwenye sataranji na mpiga picha wa pasipoti, hakuaga mtu. Alisogeza kiti taratibu kisikwaruze sakafu, akachukua koti lake, akatoka ukumbini huku wenzake wakiwa bado wameinamia mbao zao. Raundi ya kwanza ya mashindano haikuwa imefika hata katikati. Yeye alikuwa ameshapoteza malkia, kisha ngome, kisha mchezo wenyewe, na mpiga picha alikuwa amempa mkono kwa upole ule unaouma kuliko kejeli.

Jina la Miwani alipewa na wateja. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana: mashine ya kusaga lenzi karibu na dirisha, meza yenye taa ya shingo ndefu, trei za skrubu ndogo ambazo mtu akipiga chafya tu zinapotea. Kazi yake aliijua na aliifanya bila papara. Ukumbini walimwita Profesa, na hawakuwa wakimsifu. Alikuwa amekariri majina ya mianzo yote ya sataranji. Angeweza kukueleza mchezo unavyotakiwa kuanza, kete kwa kete, mpaka hatua ya kumi. Tatizo lake lilikuwa hatua ya kumi na moja.

"Kwani hatua ya kumi na moja kuna nini?" mkewe alimuuliza siku moja wakiwa mezani.

"Hapo ndipo kitabu kinapoishia," alijibu, na mkewe alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

Kila mtu aliyesikia kwamba anajua mchezo, Bwana Miwani alimvamia kwa maswali. Nifungue na nini? Nione hatua ngapi mbele? Nicheze michezo mingi ya haraka au michache ya polepole? Mbona nikiwa nashinda ndio nashindwa? Kila mmoja alimjibu la kwake. Wa kwanza akamwambia asome vitabu zaidi, wa pili akamwambia avichome. Fundi bomba mmoja, aliyekuwa na sifa ya kutofungwa mtaani kwao, alimshauri apunguze sukari. Akapunguza sukari. Akaendelea kufungwa.

Basi siku hiyo ya mashindano, akiwa njiani kurudi nyumbani, kichwa chini, simu ikaita. Alikuwa mkewe.

"Uko wapi? Mama ameanguka bafuni. Wanasema ni nyonga."

Alisahau habari za malkia palepale. Akageuka, akaelekea hospitali.

Mama mkwe wake alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache, aliyezalisha watu wengi mno wa upande ule wa mji. Tangu mumewe afariki aliishi peke yake na hakutaka kusikia habari ya kuhama. Macho yake yalikuwa na namna ya kutulia juu ya mtu hadi mtu huyo ajihisi kama amekuja kliniki bila kadi. Katika miaka yote ya ndoa, mazungumzo yake na Bwana Miwani hayakuwahi kuvuka mlango wa salamu. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Hamjambo huko?" "Hatujambo." Hapo kila mmoja alianza kumtafuta mke wa huyu na binti wa yule aje awaokoe.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari akasema bibi asikae peke yake kwa miezi kadhaa, na kwamba dawa kubwa ni kutembea: kidogo kidogo, kila siku, kwa fremu ya chuma ya kushikilia. Akapelekwa nyumbani kwa binti yake, akapewa chumba kilichopakana na karakana. Binti mwenyewe alikuwa na duka la mapazia mjini, anaondoka asubuhi na kurudi jioni.

"Kwa hiyo mchana utamwangalia wewe," alimwambia mumewe.

"Akihitaji kitu si ataniita?"

"Hatakuita, namjua. Uwe unachungulia."

"Nichungulie chumba cha mama mkwe?"

"Ukohoe kwanza."

Akawa anakohoa. Juma la kwanza alikohoa sana hata mteja mmoja, aliyekuja kuchukua miwani ya kusomea, akamuuliza kwa huruma kama amepima kifua. Alikuwa akipeleka maji, akipeleka dawa, akiuliza kama mto uko sawa, kisha anarudi mbio kwenye mashine yake. Mama mkwe alijibu kila kitu kwa neno moja: asante, bado, sawa. Fremu ya kutembelea ilisimama kando ya kitanda na taulo juu yake, kama kamba ya kuanikia nguo.

Alasiri wateja walipungua, naye alikaa chini ya taa akicheza sataranji ya haraka kwenye simu. Kila mchezo ulipoisha, simu ilitoa mlio mdogo wa kusikitisha. Siku moja sauti ikatoka chumbani, bila kukohoa wala kubisha.

"Baba, hiyo simu inalia nini?"

Akasimama kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Ni mchezo tu, mama. Sataranji."

"Inalia ukishinda au ukishindwa?"

Akafikiri kama adanganye. "Nikishindwa, mama."

"Basi unashindwa sana."

Akaizima simu. Ile sauti ikaja tena. "Huna ubao wa kweli? Lete."

Aliutoa ubao kabatini huku akijiambia kwamba atacheza kwa adabu. Mgonjwa, mtu mzima, tena mama wa mke wake: hapa si mahali pa kumkomoa mtu. Alipanga kumwachia hata farasi mmoja, ikibidi, ili mchezo usiishe upesi. Akasogeza stuli, akaweka ubao juu ya meza ndogo ya dawa, wakaanza.

Mama mkwe hakucheza mwanzo wowote aliousoma. Alitoa farasi, akatoa askofu, akamficha mfalme wake pembeni, akakunja mikono juu ya shuka na kumtazama. Bwana Miwani akaona nafasi ya kula askari wa bure. Akamla. Akaona wa pili. Akamla naye, akajihisi vibaya kidogo kwa kumwonea mgonjwa. Hapo ngome ya mama mkwe ikateremka mpaka mstari wa mwisho, na mfalme wa Bwana Miwani, aliyefungiwa nyuma ya askari wake mwenyewe kama mtu aliyesahau ufunguo ndani, hakuwa na pa kwenda.

Alitazama ubao. Akamtazama mama mkwe. Akarudi kwenye ubao.

"Hii njia ilikuwa wazi tangu ulipoanza kula," bibi alisema kwa utulivu. "Hukuiona?"

"Sikuiona, mama."

"Panga tena."

Walipanga tena na akafungwa tena. Mara ya tatu alicheza kwa nguvu zote, adabu ameiweka kando, na akafungwa vibaya zaidi. Jioni mkewe aliporudi alimkuta jikoni amesimama na sufuria mkononi, hajui alitaka kuifanyia nini.

"Mama anajua sataranji," alimwambia.

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Mkewe akamtazama kuona kama ana homa. "Mama yangu hajui hata karata."

Wakaenda wote chumbani. Bibi alikuwa akinywa chai. Alipoulizwa, akasema ni kweli: walicheza wodini, yeye na mkunga mwenzake. Kazi ya ukunga sehemu yake kubwa ni kusubiri, na kusubiri kwa mikono mitupu kunachosha. Walikuwa na ubao mdogo kwenye droo ya vifaa. Mwenzake alistaafu mapema, akahama, baadaye akafariki, na toka hapo hakupata wa kucheza naye.

"Mbona hukuwahi kutuambia?" binti yake aliuliza.

"Mngeniuliza ningesema," bibi akajibu, akapuliza chai yake.

Tangu siku hiyo Bwana Miwani hakukohoa tena. Alasiri ikifika anafunga mashine, anachukua ubao, na anaingia na maswali yake. Aliyamwaga yote, yale yale aliyowauliza watu wa ukumbini.

"Mama, mwanzo upi ni mzuri zaidi?"

"Mimi majina yao siyajui. Toa farasi wako, toa maaskofu, mfiche mfalme. Na malkia usimtume sokoni peke yake asubuhi na mapema. Watamkaba."

"Na wewe huwa unaona hatua ngapi mbele?"

"Mara nyingi mbili tu. Yako na yangu. Ila naanza na yako."

"Na michezo ya haraka ya kwenye simu, inasaidia?"

"Wewe hapo dirishani, unaweza kumsagia mtu lenzi huku unakimbia?"

"Haiwezekani, mama."

"Haya."

Lakini swali lililomsumbua kuliko yote lilikuwa la kupoteza kete ovyo. Angecheza vizuri, akajenga ngome zake, kisha ghafla angeacha farasi au malkia mahali pa kuliwa, mchana kweupe. Alilisema hilo kwa aibu, kama anayemweleza daktari ugonjwa wa sehemu za siri. Mama mkwe hakucheka.

"Leo kabla hujagusa kete yoyote," alisema, "niambie kwanza mimi nataka nini."

"Nikwambie wewe unataka nini?"

"Ndiyo. Kwa sauti."

Lilikuwa zoezi gumu kuliko alivyotegemea. Mtu aliyeshindwa miaka yote kumwambia mama mkwe zaidi ya hatujambo, sasa anatakiwa amwambie anachotaka moyoni. "Mama anataka... nadhani anataka askofu huyu aiwinde ngome yangu." "Ndiyo. Na kingine?" "Kingine sijui." "Angalia." Akaangalia. Na kweli, kila alipoangalia alikuta kitu: farasi anayejivuta polepole kuelekea kwa mfalme, askari asiyeonekana wa maana anayefungua njia. Michezo ikaanza kurefuka. Bado alifungwa, ila sasa alifungwa akiwa anajua anafungwa na nini.

Siku za Jumatatu na Alhamisi alikuja binti wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, msichana mchangamfu mwenye viatu vya mpira. Alimbembeleza bibi ainuke. Bibi alisema leo mgongo, leo kichwa, leo amelala vibaya. Alhamisi moja alimfukuza kabisa, kwa heshima lakini kwa sauti ya wodini, na binti akaondoka macho yamemjaa machozi. Mke wa Bwana Miwani aliposikia alimsihi mama yake, akamgombeza, akalia. Haikusaidia. Daktari alikuwa ameonya kwamba mguu usipotumika utakataa.

Alasiri ya kesho yake waliketi kwenye ubao kama kawaida. Ilikuwa zamu ya Bwana Miwani. Akavuta pumzi.

"Mama anataka farasi wake aje hapa katikati," alisema.

"Ndiyo."

"Na anataka yule binti wa mazoezi asirudi tena."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu bovu, kwiki, kwiki, mpaka sauti ikapotea. Bwana Miwani alijilaumu. Alihisi amevuka mpaka, na kwamba sasa watarudi kwenye enzi za kukohoa.

"Naogopa sakafu," bibi akasema mwishowe. Alisema akiuangalia ubao. "Nililala pale bafuni toka asubuhi mpaka jirani aliponisikia. Ilikuwa baridi. Nikiitazama sakafu yoyote sasa naiona ile." Kisha akamwonyesha kwa kidole. "Cheza. Zamu yako."

Alicheza, akafungwa. Lakini jioni nzima alikuwa mbali. Hakumwambia mkewe, kwa sababu aliona yale maneno hayakuwa yake ya kusambaza.

Kesho yake alifanya jambo ambalo lilimgharimu amani ya nyumba. Alitandika zulia zito lililokuwa stoo, kuanzia mlango wa chumba cha bibi hadi meza yake ya kazi, akaligundisha pembeni lisiteleze. Akaweka kiti chenye mikono upande wa pili wa meza, chini ya ile taa ya shingo ndefu. Akapanga kete. Alasiri ilipofika hakuingia chumbani.

"Baba," sauti ikaita. "Hatuchezi leo?"

"Tunacheza, mama. Nimepanga huku, kwenye mwanga. Na zulia nimetandika, sakafu haionekani."

Kitanda kikalia chumbani.

"Wewe unauza fremu," bibi alisema kwa ukali, "na mimi unataka kunivalisha fremu."

"Sikuvalishi, mama. Ubao uko hapa tu."

Hakutoka. Siku iliyofuata hakutoka pia, na chakula cha mchana alikirudisha nusu. Mkewe alipojua, moto ukawaka. "Yaani mama yangu mgonjwa umemnyima kitu kimoja anachokipenda? Wewe una moyo gani?" Bwana Miwani alijieleza, akaona maneno yake hata yeye hayamtoshi. Siku ya tatu alikuwa karibu kuubeba ubao kuurudisha chumbani. Aliushika kabisa. Kisha akauacha palepale, akakaa kumkazia mteja skrubu.

Alikuwa bado kwenye skrubu hiyo aliposikia chuma kikigonga mbao za kitanda. Hakuinua kichwa. Mteja, mama mmoja mnene aliyesubiri miwani yake, ndiye aliyegeuka kutazama, akafungua mdomo, akaufunga. Fremu iligonga, ikatulia. Ikagonga, ikatulia. Bwana Miwani alitamani kuruka akamshike mkono, akajikaza, akabana tu ile bisibisi mpaka vidole vikauma. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe kiti chenye mikono kikalia kwa uzito, na mtu akahema upande wa pili wa meza, jasho likimtiririka kwenye mashavu.

"Malizana na mgeni wako," mama mkwe alisema. "Nimekuja huku kukufunga."

Na akamfunga. Bwana Miwani hakuwahi kufurahia kufungwa kama siku hiyo.

Binti wa mazoezi alirudi, akaombwa radhi kwa mkato. Bibi akawa anatembea: kwanza mpaka mezani, baadaye mpaka jikoni, baadaye mpaka getini kuwasalimia wapita njia, ambao wengi wao aliwahi kuwashika miguu wakiwa hawajakatwa hata kitovu. Wateja walizoea kumkuta chini ya taa. Wengine walianza kuleta viti vyao watazame.

"Mama," Bwana Miwani alimuuliza siku moja, "kweli mtu wa umri wangu bado anaweza kupanda kiwango? Naona vijana wanajifunza kwa siku moja kitu ambacho mimi nakihangaikia mwezi."

Bibi akaangua kicheko, cha kwanza alichokisikia tangu amjue. "Unamuuliza nani? Mtu aliyejifunza kutembea juzi?"

Swali la mwisho alilihifadhi, akaliuliza siku alipokuwa na farasi zaidi, ameshika mchezo wote mkononi, na bado akauacha uponyoke. "Mbona nikiwa nashinda ndio nashindwa, mama?"

Bibi alichukua farasi aliyetekwa, akamzungusha kwenye vidole.

"Mtoto akishatoka na kulia," alisema, "chumba kizima kinacheka. Bibi anacheka, shangazi anacheka, baba mtu nje anaruka. Mkunga hacheki bado. Kondo la nyuma halijatoka. Damu haijatulia. Nimeona mambo yakiharibika, na mengi yaliharibika wakati watu wanacheka." Akamrudisha farasi mezani. "Wewe ukipata farasi wa bure, unacheka."

Bwana Miwani aliyabeba maneno hayo mpaka ukumbini mashindano yaliyofuata yalipofika. Safari hii alishinda mchezo wa kwanza, akashinda wa pili, na wa tatu akakuta amepangwa na mpiga picha wa pasipoti. Mpiga picha alitabasamu, akanyoosha mkono. "Karibu, Profesa."

Walicheza muda mrefu. Bwana Miwani alikuwa akinong'ona ndani kwa ndani: huyu anataka nini? Anataka askofu wangu aondoke pale. Na kingine? Katikati ya mchezo akapata askari mmoja zaidi. Mwili mzima ulitaka kucheka. Hakucheka. Akatazama tena, akaona mtego wa ngome uliokuwa ukimngoja nyuma, akauziba. Mpiga picha akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Akapendekeza sare. Bwana Miwani akakataa kwa heshima. Wakabadilishana ngome, maaskofu wakaisha, wakabaki wafalme wawili na askari wachache, na hapo, pamoja na jasho lote lile, hakupata njia ya kupita. Wakapeana sare. Siku ile alimaliza akiwa wa tano, nafasi ambayo hakuna anayepewa zawadi, na alitembea kurudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyepata mtoto.

Alimpangia mama mkwe mchezo wote kutoka kichwani. Bibi alifuatilia, akiitikia kwa koo, mpaka mwisho kabisa, akamshika mkono.

"Hapa. Mfalme wako yuko wapi?"

"Nyumbani, mama. Nimemficha."

"Unamficha nani asimwone? Watu wameondoka wote. Kete zikipungua, mfalme anatoka, anatembea, anafanya kazi kama wengine. Ungemtoa hapa ungeshinda."

Akaitazama kona ile. Ni kweli.

Juma lile lile, wakati wa chakula, bibi alitangaza kwamba anarudi kwake. Binti yake aliweka sahani chini. Akasema haiwezekani, akasema bafu lile lile, sakafu ile ile. Akamgeukia mumewe amsaidie. Bwana Miwani alikuwa na sababu zote za kumsaidia: hakutaka bibi aondoke hata kidogo, na kiti kile chini ya taa kikiwa kitupu hakujua atakitazamaje. Lakini alikuwa amezoea sasa.

"Mama anataka kwake," alimwambia mkewe taratibu. "Anataka tumwulize atahitaji nini huko, siyo kama aende."

Mkewe alimtazama kwa muda, kisha akamtazama mama yake. "Ni kweli, mama?"

"Ni kweli, mwanangu."

Basi Bwana Miwani alikwenda mwenyewe na mashine ya kutobolea ukuta. Alifunga vyuma vya kushikilia bafuni, karibu na choo na kando ya kitanda, akavining'inia kwa uzito wake wote kuvijaribu mpaka mama mkwe akamwambia atabomoa nyumba. Akatandika mpira usioteleza. Jirani yule aliyesikia sauti siku ya ajali akapewa ufunguo. Wakamhamisha siku ya Jumapili, na fremu ya chuma wakairudisha hospitali, kwa sababu alikuwa ameshahamia kwenye fimbo.

Wanakwenda kumtembelea kila wiki. Ubao unatoka kabla ya viatu kuvuliwa. Mara ya kwanza Bwana Miwani aliposhinda, alishinda kweli, bila huruma ya mtu, na hakuamini mpaka mama mkwe alipomlaza mfalme wake kwa kidole na kuuliza, amekunja uso, "Nilikosea wapi?" Wakarudia mchezo wote pamoja mpaka chai ikapoa. Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni akishona upindo wa pazia, akainua kichwa na kuuliza farasi anatembeaje kwani.

Mashindano ya juzi bibi alitaka kwenda. Walidhani anataka kutazama. Alifika mezani kwa waandikishaji akagonga fimbo sakafuni na kusema aandikwe. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama, kisha mpiga picha wa pasipoti akasimama akamtolea kiti. Raundi ya kwanza alicheza na mwanafunzi mmoja wa chuo, akambana, akamlia ngome, akawa ana mfalme wa kijana yule kwenye kona. Alikuwa akifikiria kwa raha zake namna nzuri ya kummalizia, mikono imekunjwa, wakati saa ya mchezo upande wake iliposhuka mpaka sifuri. Hakuwa amewahi kucheza na saa maishani. Mwamuzi akamweleza kwamba muda wake umekwisha na kwa hiyo amepoteza.

"Nimepoteza vipi na huyu amekufa?" aliuliza, akimwonyesha mfalme.

Kijana aliomba radhi mara nyingi. Bwana Miwani alisimama nyuma ya kiti, hajui kama acheke au apigane na mwamuzi.

Ndani ya gari la kuazima bibi alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti, ameukaza uso. Walikuwa wamefika nusu ya njia aliposema:

"Ile saa. Wanampa kila mtu kiasi gani?"

Bwana Miwani akamweleza.

"Na ukicheza haraka mwanzoni, unabaki nao?"

"Unabaki nao, mama."

"Na hiyo yako ya kwenye simu, ina saa?"

"Inayo."

Kiti cha nyuma, mke wa Bwana Miwani alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika.

"Nipe hiyo simu," mama mkwe akasema. "Wewe endesha."